Hapana ya Kwanza

Nilikuwa na gazeti mkononi, nami gazeti hulisoma lote, lakini kwenye treni ya Marsa mama aliyekaa mbele yangu alikuwa na habari nzuri kuliko za mhariri. Alikuwa akimsimulia kijana mwenye tai, ambaye hakumjua, jinsi watu wanaomposa binti yake, Rim, walivyompeleka yeye mama kula kwenye mgahawa wa Kifaransa.

"Samaki mwenyewe, mwanangu, matonge mawili, na mchuzi umechorwa kando kama hina. Mhudumu akaniuliza kama naongeza. Nikasema hapana, nimeshiba."

"Ulikuwa umeshiba?"

"Nishibe nini? Nilikuwa nangoja anisihi! Akabeba sahani akaenda zake. Na mama wa bwana harusi yupo pale, ananitabasamia tu. Hakusema hata, 'Kula kidogo kwa ajili yangu.'"

"Sasa mama, si umekataa mwenyewe?"

"Kwetu mgeni husihiwa mara tatu. Binti yangu ana adabu hiyo hiyo. Katika nyumba ile si atakufa njaa?"

"Rim mwenyewe anamtaka?"

"Anamtaka mpaka hali, halali."

"Basi wape ndiyo yao, yaishe."

"Ndiko ninakokwenda sasa hivi, kutoa jibu. Nitawaambia hapana. Wakinisihi mara tatu, binti ni wao."

Treni ikasimama Marsa. Mama akashuka, akitengeneza mtandio wake, ametulia kabisa. Kijana akanitazama, nami nikakunja gazeti. Watu wale wa posa, kwa maelezo ya mama mwenyewe, huiamini hapana ya kwanza.