Niimbieni kwa Midomo Iliyofumbwa

Sogeeni karibu, wanangu, na huyo anayesali afumbue macho. Lucius, wewe nakwambia, nilijivuna kuwa na mchungaji nyumbani, lakini leo kila ukisema "ipokee roho yake" naona kama unamharakisha anayekuja kuichukua. Naogopa. Mimi Thaddeus Pettiway, niliyeimba muziki wa soul majukwaani kote Kusini hadi wanawake wa Memphis wakavua viatu na kunirushia, naogopa kama mtoto aliyesahauliwa kanisani na taa zimezimwa.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, asiiuze mmoja. Makoti yangu ya kumeta achukue binti yangu Verlene. Lucius, usicheke, lile la zambarau lingekukaa vizuri mimbarini.

Hayo ni mepesi. Linalonitoa jasho ni lile nililowasikia mkisema jikoni. "Tutamsindikiza kwa tenzi, basi," kasema Lucius. "Baba aliimba mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokulipia chuo chako cha Biblia," kajibu Verlene. "Nyimbo za dunia mimi sizigusi." "Basi kaa kimya, mtakatifu." Tangu hapo hamsemezani, na mimi nimelala hapa nasikia ukimya wenu ukinitambalia kitandani.

Hollis, mpiga besi wangu, alikufa hivyo, watoto wake wakinuniana koridoni. Nilimkuta macho wazi, vidole vimeng'ang'ania shuka, kama mtu aliyesukumwa gizani bila wa kumshika mkono. Sitaki kwenda hivyo, wanangu, tafadhali.

Kwetu Mississippi, babu yenu alipokuwa akikata roho, mama na shangazi zangu walimzunguka wakaimba midomo imefumbwa, bila neno hata moja, sauti nzito ya kifuani, na hawakuikatisha mpaka pumzi yake ilipokwisha. Mama alisema maneno shetani huyadaka njiani, lakini mvumo ule yeye hajui una maana gani. Baba alikuwa amekunja ngumi tangu asubuhi. Nikaona vidole vinafunguka. Mvumo huo ndio nilioingia nao studio, nikauwekea ngoma, tarumbeta na jina la mama yenu Odessa, nao ukatulisha sote. Kwa hiyo, Verlene, ondoa jina la mama yako wimboni. Nawe Lucius, liache jina la Bwana lipumzike kidogo, hatakasirika, wimbo anaujua. Kinachobaki ni mvumo, nao ni wenu wote wawili.

Siku ya kunizika vaeni nyeupe, mle kuku wa kukaanga mshibe, na hotuba iwe fupi, Lucius, mimi sitakuwepo kukukonyeza.

Anza, Verlene. Chini zaidi, mama. Lucius, toa kifuani, si puani, unalia kama mbuzi wa jirani. Hivyo. Mmoja akivuta pumzi mwenzake ashikilie, pasiwe na pengo, maana kwenye pengo ndiko... ndiko ninakoogopa.

Mungu awape sauti za kuitana hata mkikasirikiana. Watoto wenu nao... wawazunguke hivi.

Sioni vizuri. Lucius, umemshika dada yako mkono? Mwambie asilie, akilia sauti inapanda juu. Bado naogopa, wanangu. Nawasikia, lakini bado naogopa.

Msikatishe.