Saa Nane, na Shemeji Aliyesimama Getini

Ndugu wafiwa, viongozi wa dini, wafanyakazi wa redio mliokuja gari zima, majirani, na wewe shemeji uliyesimama hapo getini tangu asubuhi umekunja mikono, poleni nyote, msiba ni wetu sote.

Mimi ni dada yake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Saa Nane, kwa kuwa ndiyo saa aliyokuwa akisoma matangazo ya vifo redioni, mchana, watu wakiwa wamemaliza kula. Niseme mapema asiwepo wa kushtuka, kikao cha familia cha juzi kiliamua kwamba mwaka 1984 niupite juu juu, nami nikaitikia, lakini marehemu mwenyewe alinishika mkono pale wodini akaniambia, wewe mdogo wangu una mdomo, siku yangu usinipake mafuta, lisome na lile, na kati ya agizo la kikao na agizo la marehemu mimi najua lipi halina rufaa. Baba mdogo, nakuona unavyonitazama, shikamoo tena, nivumilie.

Na jambo la pili niliseme hapa hapa mwanzoni, mjane hakuomba jeneza la bei wala shada kubwa, ameomba kitu kimoja tu, kwamba kaka yake wa pekee asimame naye tukimzika mumewe, na huyo kaka ndiye aliye getini, na mpaka ninavyosoma hajaingia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, mkabala na karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa mfua chuma na mshona nguo, na mama alikuwa akituambia kwamba alipotoka alilia hadi jirani wa nyumba ya tatu akaja kuuliza nani anachinjwa. Alisoma shule ya msingi ya nyuma ya karakana kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari hadi 1968, ambako mwalimu mkuu alimpa kazi ya kusoma matangazo mstarini kila asubuhi, si kwa sababu ya adabu, adabu hakuwa nayo, ila kwa sababu akisema yeye hata walioko chooni walisikia. Mwaka 1969 aliingia chuo cha ufundi wa mitambo, akamaliza Desemba 1970, na tarehe 1 Februari 1971 akaajiriwa redioni kama fundi msaidizi, akiwa na suruali moja ya kazini ambayo mama aliifua kila jioni na kuipiga pasi kila alfajiri.

Mwaka 1974 msomaji wa matangazo alipoteza sauti kwa mafua, fundi msaidizi akaambiwa kaa hapo usome hizi karatasi mpaka apone, na yule mgonjwa alipopona alikuta kiti kina mtu. Kazi ya vifo hakuna aliyeigombea, lakini kaka aliipenda, alisema mtu anatajwa redioni mara moja katika maisha yake yote, basi jina lake litajwe sawasawa, na alikuwa akisoma taratibu, jina la marehemu, la baba yake, la kijiji, la ndugu wa kupewa habari popote walipo, hadi wakubwa wakamlalamikia kwamba anakula muda wa muziki.

Muziki nao ulikuwa wake, kwa sababu Jumamosi zilikuwa za bendi, na yeye ndiye aliyerekodi. Studio ya pili ilikuwa chumba chenye kuta zilizogongelewa trei za mayai na zulia lililokwisha rangi, na humo aliwapanga wanamuziki kama viatu mlangoni, gita hapa, ngoma kule nyuma ya pazia, maana kipaza sauti kilikuwa kimoja na kila mmoja aliamini kimewekwa kwa ajili yake. Kulikuwa na mwimbaji mmoja mashuhuri asiyeweza kuimba mpaka avue viatu, na kwa soksi zile, kaka alisema, waitikiaji walipandisha sauti bila kuombwa. Na kulikuwa na mpiga tarumbeta, kijana mrefu, mwembamba, ambaye akipuliza tu mshale wa mita ya sauti unakwenda kugota mwisho, ikabidi kaka amsimamishe uso ukutani kama mwanafunzi mtoro, akambatiza Mapafu, jina likaganda mpaka leo, na wawili hao wakawa pete na kidole.

Mapafu alikuwa msahaulifu. Jumamosi moja ya mwaka 1975 aliacha nyumbani kile kipande cha kupulizia, wenzake wakaanza bila yeye, na dada yake akatumwa na mama yao amkimbizie, naye taa nyekundu ikiwaka akasukuma mlango katikati ya wimbo na kuuliza, Kaka, kichwa chako utakisahau lini? Bendi iliudhika, kaka yangu badala ya kufoka alicheka, wakarudia, na waliporudia yeye akasahau kuuwasha mkanda, wakarudia tena, na hivyo ndivyo tulivyompata wifi yangu.

Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, na kwa kuwa baba wa bibi harusi alikwishafariki, Mapafu ndiye aliyesimama pahali pake, akamwambia bwana harusi mbele ya watu wote, dada yangu nakupa, ukimliza nitakuja kukupulizia sikioni. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1978, ambaye leo ni fundi wa magari na msije mkamwambia hiyo ni kazi ya wanaume, wa pili 1981, mwalimu wa hesabu, na wa tatu 1986, seremala. Waliishi vyumba viwili nyuma ya posta, mtaa mmoja na mama mkwe, na kila Jumapili Mapafu alikula kwao, wala hakuna aliyekumbuka kwamba ni mgeni.

Kuhusu alivyopenda kupumzika, marehemu alipenda kufungua redio mbovu, nasema kufungua, kuzifunga hilo lilikuwa suala jingine, na wifi alizoea kupika kwa kuruka nyaya. Alipenda pia drafti, na jirani yetu mshona viatu ni shahidi kwamba ukikohoa tu unakuta umeliwa kete mbili, na ukimuuliza anakuapia kwa jina la marehemu mama yake, ambaye siku hizo alikuwa hai na alikuwa akimsikia.

Sasa nafika pale nilipokatazwa.

Jumapili, tarehe 9 Septemba 1984, bendi ilikuwa ikirudi kutoka kupiga harusini, gari lao likapinduka, na kabla ya saa nane mchana dereva alipiga simu redioni akilia, akasema Mapafu amekufa, amemwona kwa macho yake, amelala kifudifudi na koti lake. Kulikuwa na sheria, na kaka aliijua kuliko aliyeiandika, kwamba taarifa ya kifo haisomwi mpaka ithibitishwe na ndugu wa marehemu. Lakini ndugu ni nani? Ndugu alikuwa yeye, shemeji mtu, aliyekula naye Jumapili iliyopita, na katika uchungu ule alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, akatia sahihi pahali pa ndugu, akaingia studio akasoma, taratibu, kama alivyosoma wengine, jina la marehemu, jina la baba yake, na ndugu wa kupewa habari, wa kwanza akiwa mama mzazi.

Mama mzazi alikuwa nyumbani anachambua maharage, redio iko dirishani, akasikia kifo cha mwanawe kwa sauti ya mkwewe. Alianguka palepale, akapelekwa hospitali, na Jumatano akafariki. Aliyekufa kwenye lile gari alikuwa mpiga saksafoni, aliyeazimwa koti la Mapafu kwa sababu ya baridi. Mapafu alivunjika mkono tu, akalazwa hospitali ya huko walikopindukia, aliporuhusiwa akarudi amefungwa bandeji, akakuta watu waliokuja kumlilia yeye wakipiga kelele na kukimbia, na walipotulia wakamwambia kwamba msiba upo, ila si wake, ni wa mama yake.

Pale kaburini, na wengine mlikuwepo msiangalie chini, Mapafu alisema kwamba nyumba ya huyu hatakanyaga, na akifa hata kaburi lake hatalikaribia. Wifi yangu alisimama katikati, huku mume huku kaka, mama yuko shimoni, na yeye ana umri wa miaka ishirini na tisa, na mimi nasema wazi, katika jambo lote lile aliyeonewa kuliko wote ni yeye, na hakuna aliyemuuliza.

Redio ilimsimamisha kazi mwezi mmoja, ikamrudisha, lakini kwenye kipaza sauti hakurudi tena, aliomba mwenyewe apelekwe maktaba ya santuri, akakaa humo hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2011. Kabla hajahamia huko aliandika sheria mpya, kwamba kifo kithibitishwe na watu wawili wa nyumba mbili, mmoja wa damu, mmoja wa ukweni, na kwamba mfanyakazi wa redio hawezi kuwa shahidi wa msiba wake mwenyewe, na sheria hiyo ipo hadi leo, vijana wanaiita ya Saa Nane. Santuri za Mapafu alizifuta vumbi kwa mkono wake na kuwapelekea watangazaji wazipige, hadi mwenye nyimbo akaja kwenye geti la redio akamwambia mlinzi, mwambieni mmenizika, basi mniache nizikike. Kaka alipoletewa ujumbe akala nusu ya chakula chake, na wiki iliyofuata akazipeleka tena. Aliomba radhi kwa barua, kwa kutuma wazee, kwa miguu yake mwenyewe, mlango haukufunguliwa, na watoto wake wakakua wakimjua mjomba wao kwa kumsikia redioni. Mimi wakati huo nilimchukia Mapafu, sitaficha, niliona anajivuna na msiba, mpaka nilipofiwa na mama yangu mwenyewe ndipo nikanyamaza.

Maradhi yalimwanza marehemu mwaka 2016, moyo ulipanuka, miguu ikavimba, akawa haendi mbali, na mwezi wa Aprili mwaka huu wa 2019 akalazwa. Kila mlango wa wodi ulipolia aligeuza kichwa, na aliyeingia alikuwa mimi, au wanawe, au yule wa kuchukua vyombo. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Wengi mmeuliza kwa nini tangazo lilichelewa hadi Jumanne, mkadhani familia inagombana, na kweli tuligombana, ila si kwa sababu hiyo. Jumapili ileile nilipiga simu redioni, mtangazaji wa zamu, binti mdogo, akathibitisha kwangu upande wa damu, kisha akaomba mtu wa ukweni. Nikamwambia, mwanangu, nimemfumba macho kwa vidole hivi, unataka shahidi gani tena? Akajibu kwa adabu, Shangazi, sheria ni ya mzee mwenyewe, tukiivunja leo tutakuwa tumemvunja yeye. Na ukweni kwake, ukimtoa mjane, amebaki mtu mmoja duniani.

Binti akampigia. Mapafu akamwambia, mlinizika bila kuniuliza, leo mnaniuliza nini, akakata simu. Jumatatu ikapita, tangazo halijasomwa, mimi nikamlaani Mapafu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya viongozi wa dini, na wifi yangu alikaa ukutani anaitazama redio.

Jumanne asubuhi Mapafu alipiga mwenyewe. Binti akamuuliza, kama sheria inavyotaka, una uhusiano gani na marehemu? Akajibu, ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, jana nimekwenda hospitali nimemwona kwa macho yangu, ni kweli amekufa, soma, na usome taratibu, yeye alikuwa akisoma taratibu. Nikaenda kuuliza kwa mhudumu wa chumba cha maiti, akaniambia ni kweli, mzee mmoja mrefu alikuja Jumatatu, akavua kofia, na akakaa mle ndani muda mrefu kuliko unaohitajika kumtambua mtu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, na hasa yule muuguzi aliyemnyoa ndevu kila Ijumaa bila kuombwa, nawashukuru majirani mliotupikia na kutupangia viti, mshona viatu aliyeketi naye kila jioni hata alipokuwa hawezi tena kuibia kete, wafanyakazi wenzake wa redio, wa zamani na wa leo, na yule binti aliyekataa kunisikiliza, Mungu akuzidishie ukaidi huo. Si rahisi kuwataja wote, pokeeni asante yetu.

Na wewe shemeji. Sijui kama umesamehe, wala leo sikuulizi, kusamehe ni mali yako, itoe au uzikwe nayo. Kaka yangu alisoma kifo chako bila kwenda kuangalia, wewe ukaenda kuangalia kwanza, kwa hiyo deni hilo hukumlipa kwa kipimo chake, na mimi niliyekutukana siku nzima nakuomba radhi mbele ya watu hawa. Lakini dada yako alimzika mama yenu huku ninyi wawili hamtazamani, leo anamzika mumewe, na nafasi ya kulia kwake ipo wazi, watoto wameiacha wazi kwa makusudi, hakuna atakayekaa hapo.

Wifi, kaa, usiinuke, utaanguka. Mwacheni. Mshikeni mkono basi, mpisheni, anakwenda getini mwenyewe.

Hapana, wifi asimame hapo hapo, kaka yake anakuja. Baba mdogo, sogeza kiti chako, sogeza na fimbo, mpisheni mzee apite.

Kaka, shemeji yako ameingia. Nimethibitisha mwenyewe, nimemwona kwa macho yangu, amemshika dada yake. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.