Kisa Kinachosimama Saa Mbili

Kuna jambo moja Muhiddin hakuwahi kulitegua: kwa nini asubuhi ile, saa mbili, alipoona kikombe kimemponyoka mkewe Rasha na mdomo umeenda upande, alimwambia alale kidogo, yeye akaenda kufungua duka. Aliporudi adhuhuri, kiharusi kilikuwa kimemaliza kazi yake, na Rasha amefariki. Mwaka ulikuwa umepita sasa, na Celina, mwalimu wa chuo cha uuguzi, alikuwa amemwomba kisa hicho akafundishie. Kwenye benchi la kahawa pale mtaani Gerezani, Muhiddin akawaeleza wenzake wawili, wauza vipuri kama yeye.

— Kataa, alisema Jovin, aliyeitwa Gasketi kwa kuwa havujishi siri. Kwani hawana vitabu?

— Wanavyo, ila havikai kichwani, alisema Kasmir, Profesa wa kijiwe. Kichwa ni kama duka langu. Kitu kipya hakikai mpaka kipate msumari wa kukitundika. Kariri dalili kumi, kesho zimebaki tatu. Mjue mama aliyeangusha kikombe, zinakaa zote.

— Mkeo alikutuma mkaa Jumatatu, ukaleta Alhamisi, alisema Jovin. Msumari uling'oka?

— Acha hizo! Hata kuku anajua. Mwewe akimnyakua mmoja, banda zima linapata digrii.

— Profesa, mke wa mtu umemfanya kuku?

Kasmir akainamisha kichwa.

— Nisamehe, kaka.

Muhiddin akasukuma kikombe chake kando. Kahawa yake ilikuwa imepoa.

Celina alifika, akawaamkia, akasogezewa nafasi.

— Tunakisoma mpaka saa mbili ya asubuhi ile tu, Baba Talha, alimwambia Muhiddin kwa jina la mwanawe, halafu tunasimama. Wanafunzi waseme wangefanya nini. Wakosee pale darasani, si wodini. Ila niambie: saa mbili ile, kabla hujaujua mwisho, ulikuwa unajua nini?

Jovin akatazama viatu vyake. Kasmir, mwenye nadharia ya kila kitu, akaagiza kahawa nyingine.

— Nilijua amechoka, alisema Muhiddin. Na nilijua... Hata sijui, mwanangu.

— Andika mume alikuwa safarini, alisema Jovin kwa upole. Nani atajua?

— Nilikuwepo, Gasketi. Aandike nilikuwepo.

Ikakubaliwa hivyo: jina la Rasha liondolewe, saa ibaki, na mume abaki mle chumbani, amesimama karibu na kitanda. Celina alidhani atakisoma yeye. Jumanne Muhiddin alikwenda chuoni, akakisoma mwenyewe mpaka saa mbili, kisha akaketi kati ya wanafunzi, kuwasikiliza.