Nilivyojifunza Kumwinua Mama

Wenzangu, asalaam aleikum, na ninyi wenzetu wa kanisani, Bwana asifiwe. Mwenyekiti wa mtaa wetu kaniambia nizungumze kwa ufupi. Nitajitahidi, ila mnanijua. Mtu akileta gauni kwangu nimpunguzie pindo, anaondoka na habari za mtaa mzima. Leo nitasema za kwangu tu. Sitataja jina la mtu, maana baadhi ya ninaowasema wamo humu ndani, na mmoja naona ameshaanza kucheka.

Hapa Magomeni mnanifahamu kwa kushona. Zamani nilikuwa na cherehani ya miguu kwenye baraza ya duka sokoni, nakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, vitambaa kichwani. Kisha bwana wangu, anayefanya kazi bandarini, akaninunulia cherehani ya umeme. Chumba cha mbele kikawa ofisi. Wateja wakaanza kunifuata nyumbani. Uzi ukiisha, nampigia simu dereva wa bajaji, uzi unakuja mlangoni. Chakula naletewa mezani, nakula huku nashona. Ndugu zangu, nawaambia, mambo yalininyookea mpaka nikasahau kwamba nina miguu.

Mwili ukaongezeka, nami sikushtuka. Mngeshtuka ninyi, mnaonunua nguo za kushonwa na wengine. Mimi nguo zangu nashona mwenyewe. Likinibana dera, naachia mshono, maisha yanaendelea.

Magoti ndiyo yaliyosema kwanza. Kisha pumzi. Ikafika mahali nikitoka chumbani kwenda uani nasimama katikati, najifanya naangalia kuku. Hospitali wakanipima, wakakuta presha imepanda. Daktari akanipa dawa, akasema, "Mama, punguza uzito. Fanya mazoezi." Nikasema sawa. Nyote mnalijua neno hilo. Kila mtu anakwambia fanya mazoezi, kama vile anakwambia funga mlango. Hakuna anayekwambia unaanzaje.

Basi nikaanza kama nilivyoona watu wanaanza. Nikanunua raba nyeupe, nikajishonea suruali pana ya mazoezi na juba la kuendana nayo, nikaenda Shangani kukimbia ufukweni na vijana. Nilikimbia, msinicheke. Nilikimbia mpaka kwenye gogo la kwanza, nikakaa. Vijana wakanipita wanakwenda, wakanipita wanarudi. Dereva wa bajaji akasimama barabarani, akaniita, "Mama, nikupeleke?" Nikapanda. Raba zikaingia uvunguni.

Baadaye nikanunua majani ya chai ya kukausha tumbo kutoka kwa dada mmoja anayepita majumbani. Hiyo sitaisimulia, kuna watu hapa watakula chakula baada ya kikao. Niseme tu kwamba kuna bibi harusi alisubiri gauni lake muda mrefu kuliko ilivyompasa.

Nikakata tamaa, na kusema kweli nilikata tamaa kwa raha. Nikajiambia, mimi ni mtu wa mwili, kwetu tuko hivi, basi.

Hapo ndipo mama yangu mzazi akapata kiharusi. Alikuwa kijijini kwetu, upande wa Nanyamba, kwenye mikorosho yake. Mkono na mguu wa kushoto vikalala. Nikamleta kwangu, maana ndugu zangu wote ni wanaume na wako mbali, na mama mtu mzima anataka kuogeshwa na binti yake.

Asubuhi moja bwana ameshakwenda kazini, nilikuwa namwogesha uani. Nilimkalisha kwenye kigoda. Nikageuka kuchukua sabuni, nikasikia kishindo. Ameteleza, yuko chini, kanga imelowa, ameegemea ukuta. Hakuumia, alhamdulillah. Nikamwinamia, nikamshika makwapani, nikavuta. Hakuinuka. Nikapiga magoti ili nimshike vizuri, nikavuta tena. Hakuinuka. Nikasema ngoja nisimame nikaite mtu, na mimi sikuweza kusimama. Goti limekataa. Tukawa wote wawili chini, mama na mwana, tunatazamana.

Nikapiga kelele. Waliosikia ni madereva wa bajaji walioegesha nje. Wakaja mbio, wakamnyanyua mama kwa adabu kubwa, nyuso wamezigeuzia ukutani. Mungu awalipe, sina la kuwalaumu. Lakini mama yangu ni mtu wa stara. Tangu nizaliwe sijaona mwanamume wa nje amemwona kichwa wazi. Alijifunika uso kwa ule mkono mmoja unaofanya kazi, na siku ile hakula.

Jioni ndipo akaniita. "Mwanangu, nirudishe kwetu."

"Mama, kule nani atakuangalia?"

"Atakayenikuta. Mimi ntu nzima, siwezi kuokotwa na vijana wa watu nimevaa kanga ya maji. Mkono wangu ndio umelala. Haya yangu haijalala."

Nililia, wenzangu. Nikamwambia, "Nipe muda, mama. Nitaweza kukunyanyua mwenyewe." Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, bila ubaya, kama mtu anayepima kitambaa kama kitatosha. Akasema, "Haya. Mpaka korosho zianze kuanguka. Zikianguka hujaweza, utanirudisha, na usinililie." Wakati ule mikorosho ilikuwa haijatoa hata maua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka. Daktari alinitisha kwa presha, sikuinuka. Kioo kilinisema, sikuinuka. Lakini usiku ule nililala nikiwa na shida moja tu kichwani: namnyanyuaje mama. Sikuwaza kupungua wala kupendeza.

Tulikuwa tunampeleka mama hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mpole mwenye mikono yenye nguvu kama ya mtu anayekanda chapati. Alikuwa anamfundisha mama kuinuka kwenye kiti na kukaa, kuinuka na kukaa. Nikamweleza yaliyotupata uani. Akavuta kiti kingine.

"Kaa," akaniambia. "Sasa inuka, bila kushika kitu."

Nikajaribu. Sikuweza. Mama yangu, mgonjwa wa kiharusi, akacheka mpaka machozi.

Yule mtaalamu hakucheka. Akasema, "Usiniahidi kukimbia. Niambie, siku nzima unafanya nini?"

"Nashona."

"Ukishona, kitu gani kinakusimamisha?"

Nikafikiri. Nikamwambia, hakuna, labda bobini ikiisha uzi, ile ya chini ya sindano, naacha kushona kidogo niijaze. Akapiga makofi. "Basi hiyo ndiyo kengele yako. Kila bobini ikiisha, inuka kwenye kiti ukae, inuka ukae, mpaka mapaja yalalamike. Mwanzoni shika meza. Ukizoea, acha meza."

Ndugu zangu, hilo ndilo zoezi langu la kwanza. Nikaongeza na akili yangu ya kifundi: mkasi nikautundika ukuta wa mbali, pasi nikaipeleka chumba kingine. Wateja wakaniuliza kama nahama. Na chakula nikaacha kukiweka kwenye cherehani. Sikujinyima kitu, ugali wa muhogo na kisamvu nakula mpaka leo, ila nakula nimekaa na mama, tunaongea, nikishiba najua nimeshiba. Zamani nilikuwa najua nimeshiba sahani ikiwa tupu.

Mama naye akawa msimamizi. Nilimweka kwenye kiti karibu na dirisha la ofisi. Akisikia mashine imenyamaza, anasema, "Imeisha?" Tunainuka wote, yeye ameshika dirisha, mimi nimeshika meza. Wateja waliotukuta wakati huo walidhani tunasimama kwa kuwaheshimu.

Kutembea sikukuweza peke yangu, niseme ukweli. Kuna jirani yangu, mwalimu, kwao ni Mbeya, alihamishiwa hapa. Yeye hutembea kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Nikamwomba anipitie. Akanipitia. Siku ya kwanza tulifika kona ya msikiti tukarudi, naye akageuka nami kama vile hata yeye alikuwa anaenda kwenye kona tu. Kesho yake tukapita kona kidogo. Bila yeye kunisubiri pale nje, ningejifunika shuka, nawaambia. Mtu kusimama kwenye umande kwa ajili yako, unaona aibu kuendelea kulala.

Tulipozoea, tukawa tunafika mpaka Shangani, maji yakiwa yametoka tunaingia mpaka magotini na kutembea ndani ya maji. Hapo magoti yangu yalipata raha ambayo siwezi kuieleza. Maji yanakubeba, na wakati huohuo yanakukatalia kupita, unayasukuma. Mwalimu ananihadithia baridi ya kwao, mimi namhadithia ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, inavyochimbwa. Tunarudi tumelowa, tunacheka.

Kuna kipindi nilitaka kuacha. Shughuli za harusi zilijaa, na nilikuwa nimekwenda kupima uzito nikitegemea makubwa, nikakuta mzani haujasogea kitu. Asubuhi mwalimu alipokuja nikamwambia, "Shoga, nenda tu. Mimi huu mwili umenishinda."

Akaniuliza, "Mama, ulisema unataka kufanya nini?"

"Kumnyanyua mama."

"Uliniambia unataka kumnyanyua mama. Hukuniambia unataka kuufurahisha mzani. Vaa raba."

Nikavaa. Na siku ileile, bobini ya kwanza ilipoisha, nikainuka kwenye kiti, nikafika juu, nikagundua mikono yangu yote miwili imeshika kitambaa. Meza sijaigusa. Nikakaa tena, nikainuka tena kuhakikisha. Mama akasema, "Nimeona."

Baada ya hapo yule mtaalamu akanifundisha kubeba. Kumbe hata kunyanyua mtu kuna ufundi wake: unakunja magoti, mgongo unanyooka, unamleta mtu karibu na kifua, mguu wako unazuia mguu wake usiteleze, kisha unapanda naye. Nikawa nafanya mazoezi kwa majora ya vitambaa. Nalikumbatia jora la sare za shule, nashuka nalo, napanda nalo. Bwana alinikuta hivyo siku moja, akasimama mlangoni, akauliza, "Huyo ni nani?" Nikamwambia, "Mkweo." Akavua viatu, akaja kunishikia jora la pili.

Msimu ukafika. Ndugu mmoja akaja kutoka kijijini, akaleta mabibo, yale matunda ya korosho, nyumba nzima ikanukia. Mama akalishika bibo moja, akalinusa. Akasema, "Zimeanza."

Kesho yake, baada ya mwalimu kurudi kutoka shuleni, mama akaomba tumketishe uani kwenye mkeka, chini kabisa. Tukamketisha, mimi na mwalimu. Akaweka kanga yake vizuri kichwani. Kisha akamwambia mwalimu, "Wewe mwanangu, kaa pale. Usimsaidie."

Nikashuka, magoti yakakunjika, hayakukataa. Nikamkumbatia. Nikasikia pumzi yake shingoni mwangu. Nikamwambia, "Mama, tayari?" Akasema, "Mimi niko tayari tangu masika." Nikapanda naye.

Alisimama, wenzangu. Tulisimama wote, sina cha kushika ila yeye. Mwalimu kule alikuwa anafuta macho kwa mtandio. Mama hakuniachia upesi. Alinishika bega kwa mkono wake mzima, akasema taratibu, "Ulikuwa mzito kuliko nilivyo mimi leo, siku zile nilipokuwa nakubeba mgongoni kwenda shamba. Sasa tumelipana." Kisha akasema, "Sasa nirudishe Nanyamba."

Nilitaka kulia. "Mama, si nimeweza?"

"Umeweza. Nataka kwenda kutembea, nione mikorosho yangu. Halafu turudi wote nyumbani."

Tulikwenda. Mama tulimpandisha bajaji mpaka karibu na shamba, mimi nikashuka barabarani nikamalizia kwa miguu nyuma yake, kwa kutaka mwenyewe. Niliokota korosho naye akiwa ameketi kivulini ananielekeza, "Ile pale, umeiacha. Na ile." Kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, mpaka kikapu kikajaa. Sikuhesabu kama mazoezi. Nilihesabu kama raha.

Niwaambie na hili, msije mkadhani nimekuwa mwembamba. Mnaniona. Nimepungua kiasi, dawa za presha bado nakunywa, ila daktari amenipunguzia, na kuku sasa siwaangalii tena nikipita uani. Mama yuko nyumbani. Kuogeshwa anaogeshwa na binti yake, na akitaka kuinuka, anainuliwa na binti yake.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru yule mtaalamu wa hospitali, aliyeniuliza siku yangu inakwendaje badala ya kunigombeza. Namshukuru bwana wangu, na wale madereva wa siku ile ambao hadi leo hawajawahi kumsimulia mtu. Na wewe uliyecheka mwanzo pale nyuma, mwalimu wangu, nakushukuru kwa umande wote uliokulowesha ukinisubiri.

Nililojifunza ni dogo. Usiuanze mwili kwa kuuchukia. Tafuta kitu unachokitaka, kiwe cha kwako kweli: kumbeba mjukuu, kupanda ngazi za ofisi, kusujudu bila kuomba kiti. Kisha tafuta nafasi ndani ya kazi yako ya kila siku uufundishe mwili kitu hicho, kidogo kidogo. Na utafute mtu wa kukusubiri nje.

Kama huna mtu, sisi tupo. Tunapita hapa mtaani asubuhi, mara baada ya swala ya alfajiri, tunakwenda taratibu, hatukimbii. Wenye raba waje na raba, wenye kandambili waje na kandambili. Ahsanteni kwa kunisikiliza.