Mdogo Wake Chokaa

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye wengi mlimwita Chokaa, lakini kabla sijasema alikozaliwa, Mungu ananidai niseme kwamba mwaka 2009 mimi ndiye niliyeyahamisha yale mawe meupe, si yeye, nawe jirani yetu fundi cherehani, ambaye ng'ombe wako wawili walikufa, nakuomba radhi mbele ya jeneza hili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ileile ya bati tulikomtoa asubuhi hii, akiwa kifungua mimba wa mama yetu, mimi nikafuata baada ya miaka mitatu, na tangu hapo nimekuwa nikifuata tu. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, akiongoza darasa, na kila mwalimu aliyenipokea baadaye aliniuliza, wewe kweli ni mdogo wake?

Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu, muuguzi, ambaye kusema kweli mimi ndiye niliyemwona kwanza, ila Mungu hakuniuliza, wakajaliwa mabinti watatu, wanaoniita baba mdogo kwa heshima nisiyostahili.

Mwaka 2001 aliajiriwa katika kikosi cha kusafisha sumu ya mgodi wa dhahabu, uliofungwa sisi hatujazaliwa, wenyewe wakaenda na dhahabu yao, wakatuachia kilima cha mchanga wa kijivu na bwawa la maji mekundu kama kutu. Kaka alimwaga chokaa bwawani kukata ukali wa maji, akapanda majani kilimani ili upepo usitulishe vumbi, akapanga mawe yaliyopakwa chokaa kuonyesha mifugo iishie wapi. Siku moja mama alisema mbele ya wageni, ningekuwa na wawili kama huyu, ningezeeka bila presha, na mimi nimeshika sinia la chai. Jioni hiyo nikayasogeza mawe karibu na bwawa, ili ionekane kazi haijui, ng'ombe wakapita, wakanywa. Kesho yake, kwenye kikao cha kijiji kuhusu ng'ombe waliokufa, kaka aliviona viganja vyangu bado vyeupe kwa chokaa, akasimama, akasema, kosa ni langu, niliyapanga vibaya. Hakumwambia mtu hadi anakufa. Miaka ikapita, vyura wakarudi kulia bwawani, watu wakatoka kuwasikiliza, mimi nikafunga dirisha.

Mwaka jana alianza kuugua figo, akalazwa mara tatu, nami nilipotaka kutubu pale kitandani alinikatiza, akaniuliza tu kama mawe yamepakwa. Nilimdanganya kwamba yamepakwa. Alifariki tarehe 2 Septemba 2023, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na wenzake wa kikosi mliombeba, na hata sasa nikiutazama umati huu kijicho kinanichoma, najiuliza mimi watanijia wangapi, Mungu anisamehe.

Kaka, umechoka vya kutosha, lala salama.

Nanyi nina ombi moja, Jumamosi, kabla mvua hazijaanza, njooni na brashi tukayapake yale mawe, na mkinikuta huko msinipe jina lake, niiteni lile nililolichukia maisha yangu yote, mdogo wake Chokaa.