Mtu wa Kalamu

Basi la kutoka Masasi kwenda Newala lilipoanza kupanda mlima, mzee Eliakimu aliacha kujifanya amelala. Kwenye kiti cha mbele yake, Silvano, mwandishi wa gazeti, alikuwa akimlalamikia mama mmoja wa Makote kwamba tajiri wao amefungua na redio, na asiyekwenda kusomea utangazaji atapoteza kazi.

"Mimi ni mtu wa kalamu, mama. Seremala halazimishwi kushona nguo."

"Kwani umeambiwa uitupe hiyo kalamu?"

"Sauti yangu haifai redioni."

"Mbona tangu Masasi nakusikia wewe tu?"

Eliakimu alikubaliana naye kimoyomoyo, maana ni sauti hiyo iliyomnyima usingizi.

"Habari ya madaktari wa macho kuja Newala niliiandika mimi, wa kwanza," Silvano akasema.

"Gazeti lilitufikia wameshaondoka, baba. Redioni tungeisikia siku ile ile."

Basi likasimama Makote. Yule mama akamshika mkono bibi kizee aliyekaa dirishani, macho yake yamefunikwa na utando mweupe. "Inuka, mama. Ngazi iko mbele, nifuate mimi."

Silvano akakunja miguu kuwapisha.