Futi Tisini za Kiponda

Asiyeamini shauri yake. Mimi nilikuwapo, goti langu na la Kiponda yakigusana, kwenye benchi la kahawa la Msellem, Malindi, mwaka ule wa ukame wa themanini na nne. Bwana mmoja mwenye faili alitaka mafundi wakubaliane: Vitengeni, maji yako futi ngapi chini? Kamba na saruji zingetolewa kwa kipimo hicho, basi. Sharti, kila mmoja aandike kwa siri, bila jina, asije mdogo akamwogopa mkubwa. Msellem asome majibu na sababu, waandike tena, mara tatu. Mafundi wenyewe: Awadh Redio, aliyewahi kuchimba choo, Omar Hakimu, aliyewahi kuchungulia kisima Mambrui, na Kiponda, mchimbaji hasa, mzaliwa wa huko huko Vitengeni.

Msellem akasoma:

— Ishirini. Arubaini. Tisini.

— Tisini! Redio akacheka. Huyo anachimba kisima au anahama dunia?

Kiponda akameza kahawa na hasira pamoja. Wakaandika tena, Msellem akasoma:

— Thelathini, kwa kuwa bahari hupita chini ya Vitengeni ikienda kupumzika. Thelathini, kwa kuwa mwezi mpevu huyavuta maji juu. Haba na haba hujaza kibaba, chimbeni kidogo. Tisini: nimechimba huko viwili, thelathini ni jiwe kavu.

— Jeuri huyo! Hakimu akafoka. Wengi wape!

— Wapewe maji au wapewe thelathini? Kiponda akasahau siri.

— Kumbe ni wewe! Mchimba kisima huingia mwenyewe!

— Ndiyo, naingia mimi! Mamangu hutoka alfajiri kufuata maji, akarudi adhuhuri. Hilo jiwe kavu nitampelekea mimi, si nyinyi.

Mara ya tatu Msellem akashusha pumzi.

— Thelathini. Thelathini. Tisini.

— Bwana wa watu anataka jibu moja, we Kiponda! Redio akadakia.

Hapo akatokea Kache, dadake Kiponda, debe tupu mkononi, amekwisha kuyasikia yote.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Hayo maji ya futi thelathini, nani kati yenu amepata kuyanywa?

Redio akamtazama Hakimu. Hakimu akatazama kikombe. Msellem akainamisha dele la kahawa: halina hata tone. Kimya.

Kiponda akaivuta karatasi yake, na chini ya tisini akaandika jina lake na la babake: KIPONDA WA LEWA.

— Unaharibu utaratibu! Bila jina!

— Na uharibike.

Nakiri, kitu kimoja nimekitunga: kile kimya. Redio hajapata kunyamaza tangu azaliwe. Lakini jina liliandikwa, tena kwa herufi kubwa.